Umechelewa Kukata Rufaa? Andaa Hesabu ya Siku Zako

Mtu aliyeshindwa kesi na muda wa rufaa ukampita huja kwa wakili akiwa na jambo moja moyoni: jinsi hukumu ilivyomwonea. Shahidi wake hakusikilizwa, mpaka wa shamba ulipimwa vibaya, mwenyekiti wa baraza la ardhi aliegemea upande mmoja. Akiachwa aandike mwenyewe, huyajaza hayo kwenye kiapo chake aya baada ya aya, na maombi yanakataliwa. Katika hatua hii mahakama haiulizi kama ulionewa. Inauliza ulikuwa wapi tangu muda ulipoisha hadi ulipoleta maombi, na inataka jibu la kila siku.

Hapa Tanzania muda wenyewe haufanani, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni 45. Shauri la kawaida la madai lililoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi lina siku 90. Kwenye jinai, kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya 45. Jirani aliyekwambia una miezi mitatu huenda alisema kweli kuhusu kesi yake. Ukimtaja mahakamani hatakusaidia, kwa kuwa majaji wamerudia mara nyingi kwamba kutojua sheria si sababu.

Ukionyesha sababu ya msingi, mahakama inaweza kukuongezea muda. Sheria haikuorodhesha sababu hizo, kwa hiyo mahakama zenyewe zimejiwekea vipimo. Vinavyonukuliwa zaidi vinatoka kwenye uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la kampuni ya ujenzi ya Lyamuya, ombi la madai namba 2 la mwaka 2010: muda wote wa kuchelewa uelezwe, usiwe wa kupindukia, mwombaji aonyeshe bidii na si uzembe, na kama ipo sababu nyingine nzito, mfano hukumu kukiuka sheria, iangaliwe.

Tuchukue mfano. Mama ameshindwa kesi ya shamba barazani tarehe 3 Machi 2025, na tuseme nakala ya hukumu amepewa siku hiyohiyo. Siku ya 45 ni tarehe 17 Aprili. Yeye alilazwa kuanzia tarehe 1 Aprili, akaruhusiwa tarehe 25, na maombi ameyafungua tarehe 20 Mei. Anaamini ugonjwa umemaliza kila kitu. Lakini hesabu inaanza tarehe 18 Aprili: siku 8 za kwanza zimebebwa na karatasi za hospitali, na kuanzia tarehe 26 Aprili hadi 19 Mei zimebaki siku 24 ambazo kiapo hakizigusi. Alikuwa akitafuta nauli? Daktari alimwambia asisafiri? Alikuwa akihangaika kupata msaada wa kisheria? Lolote kati ya hayo laweza kupokelewa, mradi liandikwe na liwe na ushahidi. Lisipoandikwa, hata siku moja isiyoelezwa inaweza kuyaangusha maombi.

Ushahidi hapa ni kiapo na viambatisho vyake. Maneno matamu ya wakili siku ya kusikilizwa hayajazi pengo la kiapo. Ambatisha fomu ya kuruhusiwa kutoka wodini, barua ya kuomba nakala ikiwa na muhuri wa mapokezi wa masjala, risiti ya malipo. Kuna kosa dogo linaloumiza watu wengi: kuandika kwamba karani aliniambia nakala haijawa tayari. Bila kiapo cha karani huyo, hayo ni maneno ya kuambiwa, na hayapewi uzito. Vivyo hivyo kwa mtoto wako au kaka yako uliyemtuma kufuatilia. Naye aape.

Suala la nakala lina mtego mwingine. Rufaa nyingi zinahitaji kuambatishwa nakala ya hukumu, na sheria ya ukomo wa muda huondoa kwenye hesabu siku za kuisubiri. Lakini kanuni za mwaka 1964 zinazohusu mashauri ya madai yaliyoanzia Mahakama ya Mwanzo hazidai kiambatisho hicho. Anayeisubiri kwa miezi anaweza kuambiwa kwamba hakuwa na haja ya kusubiri. Naliona jambo hili kuwa gumu kwa mwananchi anayejitetea mwenyewe, kwani hawezi kuandika sababu za kupinga hukumu asiyoishika mkononi.

Kumlaumu wakili kwa kuzembea nako kwa kawaida hakusaidii. Mfungwa husikilizwa kwa jicho tofauti: rufaa yake hupitia kwa mkuu wa gereza, na Mahakama ya Rufani imekubali kwamba mtu aliye gerezani hana mamlaka juu ya mambo yake.

Malalamiko juu ya hukumu yana nafasi moja tu hapa. Tangu uamuzi wa mwaka 1992 katika shauri la Wizara ya Ulinzi dhidi ya Valambhia, ukiukwaji wa sheria unaweza peke yake kuwa sababu ya kuongezewa muda. Lakini lazima uonekane wazi kwenye kumbukumbu za kesi, kwa mfano mahakama kutokuwa na mamlaka au mtu kuhukumiwa bila kuitwa. Kosa linalohitaji hoja ndefu kulifichua halitoshi.

Usiipeleke rufaa iliyochelewa ukitumaini itapita. Ikitupiliwa mbali kwa ukomo wa muda, unaweza kukosa hata nafasi ya kurudi mahakama ileile kuomba nyongeza. Maombi ndiyo yatangulie. Ukikubaliwa, amri itakupa siku za kuleta rufaa, na nazo zinahesabiwa. Wakati huo wote, kuomba muda hakumzuii aliyeshinda kukaza hukumu, kwa hiyo muulize wakili wako mapema kuhusu ombi la kusimamisha utekelezaji, kabla dalali wa mahakama hajafika shambani.