Mkono wa Tatu: Mtaalamu wa Tiba ya Sanaa na Ustawi wa Jamii Husomea Nini, Hufanya Nini?

Mtoto aliyefiwa na mama yake ameketi mezani kwa nusu saa bila kutamka neno. Anapewa karatasi na kalamu za rangi. Anachora nyumba, kisha anaifunika yote kwa rangi nyeusi na kuisukuma karatasi kando. Je, mtu mzima aliyeketi karibu naye afanye nini?

Wako watakaosema mtoto anasumbuliwa na pepo. Wako watakaomkemea kwa kuharibu karatasi. Na wako, hasa waliowahi kuhudhuria semina ya siku mbili, watakaotangaza papo hapo kwamba rangi nyeusi ni dalili ya kunyanyaswa. Mtaalamu wa tiba kwa njia ya sanaa hafanyi lolote kati ya hayo. Anamwomba mtoto kwa upole asimulie kuhusu nyumba yake, kisha anangoja. Huenda ni usiku. Huenda umeme umekatika. Huenda kalamu nyeusi ndiyo pekee iliyokuwa na ncha. Na huenda kweli kuna jambo zito ndani ya nyumba ile. Maana ya mchoro hutoka kwake aliyeuchora, wala hakuna kamusi ya rangi inayoweza kusema badala yake.

Wazazi na makatekista wetu wametuuliza kazi hii ni ya namna gani, hasa pale inapounganishwa na ustawi wa jamii katika mtu mmoja. Yafaa tuanzie ilikotoka.

Jina lenyewe lilianza kutumika Uingereza mwaka 1942, kwa mchoraji Adrian Hill, aliyekuwa ameugua kifua kikuu na kugundua kwamba kuchora kulimsaidia kustahimili muda mrefu wa kulala kitandani. Lakini upo mzizi mwingine ambao kwetu una uzito zaidi. Friedl Dicker-Brandeis, mchoraji wa Kiyahudi aliyezaliwa Vienna mwaka 1898 na kusoma katika shule ya Bauhaus, alipelekwa Desemba 1942 katika kambi ya Terezín, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Humo aliwafundisha watoto kuchora. Karatasi zilikuwa adimu, hivyo walichora hata nyuma ya fomu za ofisi. Hakuwashurutisha kuchora mateso yao, na wengi walichora maua, vipepeo na nyumba walizotoka. Aliwahimiza waandike majina yao kwenye kazi zao, mahali ambapo watu walisafirishwa kwa namba. Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz, akauawa. Nyuma yake yalibaki masanduku mawili yenye michoro ipatayo 4,500, ambayo sasa imo katika Makumbusho ya Kiyahudi ya Prague. Watoto wengi walioichora hawakurudi.

Mwanafunzi wake Edith Kramer, aliyewahi kumsaidia huko Prague kuwafundisha watoto wa wakimbizi, alikimbilia New York mwaka 1938. Baadaye alifanya kazi kwa miaka saba katika Wiltwyck, shule ya wavulana waliokuwa na matatizo ya kijamii na ya tabia, na mwaka 1958 akatoa kitabu kuhusu tiba ya sanaa katika jumuiya ya watoto. Ndiye aliyeuita msaada wa mtaalamu huyu “mkono wa tatu”. Tuchukue mfano: mtoto anafinyanga farasi wa udongo, na miguu inavunjika kila anapomsimamisha. Mtaalamu anaweza kumwonyesha namna ya kuitia kijiti ndani ili isimame. Ila farasi abaki wa mtoto, na kichwa chake kipinde vilevile mtoto alivyokipinda. Kuusaidia mkono wa mwingine bila kuuteka ni ufundi unaochukua miaka kujifunza.

Ndiyo maana mafunzo yake si mepesi. Marekani na Uingereza, mtaalamu huyu husoma hadi shahada ya uzamili, na Uingereza jina hilo hulindwa na sheria, kwa hiyo asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita hivyo. Husoma ukuaji wa mtoto, magonjwa ya akili, athari za vita na msiba, na maadili ya kazi. Hushika mwenyewe rangi, udongo na gundi, kwa kuwa asiyejua jinsi rangi ya maji inavyokimbia karatasini hatajua kwa nini mtoto mwenye hofu anaikataa na kuchagua penseli. Kisha huwahudumia watu halisi chini ya msimamizi, ambaye humuuliza si tu juu ya mgonjwa bali juu ya nafsi yake: kwa nini machozi ya mtoto huyu yamekugusa kupita ya yule? Anayesomea pia ustawi wa jamii huko Marekani hutakiwa kutimiza saa zisizopungua 900 za mafunzo kwa vitendo katika ngazi ya uzamili. Kwetu Tanzania, Taasisi ya Ustawi wa Jamii jijini Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1973, na maafisa wengi tunaokutana nao katika halmashauri wamepitia humo.

Kwa nini basi mtu ajitwike taaluma mbili? Kwa sababu mtoto hatoki hewani kuja mezani. Mwisho wa saa moja anarudi nyumbani, na nyumba hiyo yaweza kuwa haina chakula, au ina mjomba anayemdhuru. Tiba peke yake ingemfundisha mtoto kuvumilia lisilostahili kuvumiliwa. Ustawi wa jamii nao, ukibaki peke yake, huweza kumhamisha mtoto kutoka nyumba moja hadi nyingine bila yeyote kusikia kilichomuumiza.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Mkono mmoja huahidi usiri, mwingine una wajibu wa kutoa taarifa. Waamini wengi hudhani usiri wa mshauri ni sawa na muhuri wa Sakramenti ya Kitubio. Sivyo. Muhuri wa kitubio hauvunjwi kwa sababu yoyote ile. Usiri wa mtaalamu una mpaka, na mpaka huo ni usalama wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa ya haki za mtoto kuvunjwa wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, na afisa ustawi wa jamii ndiye hulifuatilia. Mtaalamu mwaminifu humweleza mtoto mpaka huu siku ya kwanza, kwa maneno anayoyaelewa, kabla kalamu haijagusa karatasi. Akifanya hivyo baada ya mtoto kufunguka, mtoto ataona amesalitiwa, na hatakosea sana.

Tuseme pia jambo lililotuuma. Tulitembelea kituo kimoja cha kulelea watoto, ambacho hatutakitaja, tukakuta michoro imebandikwa ukutani sebuleni, kila mmoja ukiwa na jina la mtoto na maelezo mafupi ya msiba wake, ili wageni wasome. Nia ilikuwa njema, kupata wafadhili. Lakini yule aliyeandika jina lake Terezín aliliandika kwa ajili yake mwenyewe. Hawa wetu waliandikiwa na wengine, kwa ajili ya wengine.

Parokia nyingi hazina mtaalamu wa namna hii. Katekista au mlezi akipewa mchoro unaomtia wasiwasi, asijaribu kuwa mpelelezi. Amshukuru mtoto, asimhoji kwa maswali yenye majibu ndani yake, aandike tarehe na maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, na asiupige picha kuurusha kwenye kundi la simu la jumuiya. Kisha amwone afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri, au apige simu bure nambari 116, ya huduma kwa mtoto. Mchoro wenyewe auhifadhi ndani ya bahasha, kabatini, kwa kufuli.