Kinanda Kinachomfuata Mwimbaji

Kwaya ya Mwingi, Mutomo au Wote inapotafuta kinanda, mazungumzo dukani huanzia kwenye hesabu: kina sauti ngapi, kina mitindo mingapi? Hesabu hizo ni za kweli lakini hazisaidii sana. Yamaha PSR-E373 ina mitindo 205 na PSR-E473 ina 290, ilhali ibada ya Jumapili huhitaji michache tu, mradi ilingane na uimbaji wa watu wa mahali hapo. Kibodi ya arenja ni kinanda chenye bendi ndani yake: mkono wa kushoto hushika kordi, mashine hupiga ngoma, besi na gitaa kwa kuifuata kordi hiyo, na mkono wa kulia hubeba sauti ya wimbo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mnunuzi wa Kitui au Makueni ni hili: je, bendi hiyo inakubali kuongozwa, au ndiyo itakayowaongoza waimbaji?

Uimbaji wa makanisa mengi ya Ukambani hujibu swali hilo wenyewe. Kiongozi huanzisha wimbo kutoka kooni mwake bila kuuliza ufunguo, waumini huitikia, makofi na kayamba huingia, na mpiga kinanda ndiye wa mwisho kujua wamefika wapi. Hapo kitufe cha transpozi, kinachohamisha ufunguo wa kinanda kizima, humwokoa anayezoea ufunguo mmoja tu, na kiongozi akianguka katikati ya funguo mbili, kinanda kinachoruhusu kusogeza sauti kidogo kidogo ndicho kitakachokaa naye. Kasi nayo haitulii. Wimbo wa toba huanza kwa kujivuta, kisha hupanda kadiri mioyo inavyopata moto, ilhali ngoma ya mashine hubaki palepale ilipoanzia. Mpigaji mzuri hugonga kasi mpya kwa kidole au, mara nyingi, huzima mdundo kabisa na kuacha kordi za mkono wa kushoto zisikike peke yake mpaka waumini watulie katika mwendo wao. Kinanda ambacho huwezi kukinyamazisha upesi hakifai kanisani, hata kiwe na sauti nzuri kiasi gani. Na kuna jambo la pigo lenyewe: nyimbo nyingi za kuitikiana hugawa kila pigo katika tatu. Ukiziwekea mtindo wa kiwandani unaogawa pigo katika mbili, makofi ya waumini na ngoma ya mashine huanza kugombana, na wanaoshindwa ni waumini, kwa sababu mashine haichoki wala haisikii.

Ndiyo maana uwezo wa kujitengenezea mtindo una uzito kuliko mamia ya mitindo iliyokuja na kinanda. Viwanda vinalijua hili: Yamaha imewatengenezea Waarabu PSR-A350 na Wahindi PSR-I500, kila moja ikiwa na sauti na mitindo ya kwao. Wakamba hawana sababu ya kusubiri mtu awatengenezee ya kwao. PSR-SX600 au Korg Pa700 humruhusu mpigaji kurekodi ngoma, kisha besi, kisha gitaa, sehemu moja juu ya nyingine. Mfano wa kuigwa upo karibu: katika benga ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers gitaa husemezana, moja ikiuliza na nyingine ikijibu, na sikio la Mkamba hulitambua hilo mara moja. Wapo watakaosema kinanda cha namna hiyo ni ghali kwa kanisa dogo la kijijini, nao wana haki. Lakini si lazima kila kanisa liwe nacho. Kimoja kikiwa parokiani au wilayani, mtindo uliorekodiwa humo unaweza kubebwa kwa flashi hadi kwenye kinanda kidogo kinachosoma faili hizo. Ijaribuni faili hiyo dukani kabla ya kulipa, maana vinanda vidogo havisomi kila kitu.

Pingamizi zito zaidi linahusu mashine yenyewe. Kwa Wakatoliki lina historia ndefu: mwaka 1903 Papa Pius X alikataza piano na ngoma kanisani, na maagizo ya Roma ya mwaka 1958 yakakataza kabisa ala zinazojipiga zenyewe katika liturujia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ukatukuza ogani ya mabomba, ukaruhusu ala nyingine zinazofaa ibada, ukataka muziki wa asili wa nchi za misheni uheshimiwe. Nadhani katazo la 1958 lina hekima ambayo hata Kanisa la Africa Inland (AIC), lililotokana na misheni iliyoanza Nzaui mwaka 1895, linaweza kuitumia. Kinanda kinachocheza wimbo mzima kutoka kwenye flashi huku mpigaji amekunja mikono kimechukua nafasi ya mtu. Arenja inayobadilisha kordi kwa sababu mkono umebadilika, na kunyamaza kwa sababu mtu ameona waumini wanataka kunyamaza, bado ni ala mikononi mwa mtu. Wanaohofia kwamba mdundo wa asili utaleta kilumi, ngoma ya jadi ya pepo, kanisani nao wasipuuzwe. Pigo linalogawanywa katika tatu, hata hivyo, si mali ya kilumi peke yake, na maneno ya wimbo pamoja na wazee wa kanisa ndio wanaoamua kinachofaa.

Kuhusu umeme nitasema machache. PSR-E373 hukubali betri 6 ndogo, jambo la faraja pale stima inapokatika katikati ya sadaka. Vinanda vikubwa havina njia hiyo, hivyo vinahitaji UPS au sola yenye inveta ya wimbi safi, kwani ile ya bei rahisi huweza kuleta mngurumo kwenye spika. Vumbi la Mutomo linadai kifuniko cha kitambaa baada ya kila ibada. Na siku ya kununua, nendeni na kiongozi wa kwaya, aanze kuimba dukani bila kupewa ufunguo, huku mpigaji akihangaika kumfikia kwenye kila kinanda kilichopo.