Mike Boit, Mkimbiaji Aliyekuwa Mwalimu

Sisi wa pwani ya kusini, tangu Diani hata Msambweni, tumezoea kudhani ya kuwa mbio za masafa ya kati ni urithi wa watu wa milimani peke yao; na dhana hiyo haikosi asili, kwani aliyelelewa katika hewa nyepesi ya nyanda za juu damu yake huzoea kuchukua oksijeni kwa wingi, ilhali huku kwetu, wakati wa kaskazi, unyevu hulizuia jasho lisikauke, na mwili ukapata taabu kupoa. Lakini maisha ya Mike Boit, aliyezaliwa Bonde la Ufa mwaka 1949, yana funzo linalotuhusu sote.

Mbio alizokimbia, mita 800, ni mizunguko miwili tu ya uwanja, nazo zataka hesabu kuliko pupa. Katika fainali ya Olimpiki ya Munich, mwaka 1972, Dave Wottle wa Marekani, aliyekuwa nyuma ya wote katika mzunguko wa kwanza, ndiye aliyetangulia mwishoni. Akafuatiwa na Yevgeny Arzhanov wa Umoja wa Kisovieti, kisha Boit, aliyetwaa nishani ya shaba, na baina ya wa kwanza na wa tatu haikupita hata robo ya sekunde.

Baada ya hapo siasa ikaingia uwanjani. Mwaka 1976 Kenya ilisusia michezo ya Montreal pamoja na mataifa mengi ya Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Na mwaka 1980 ikasusia ya Moscow, baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Ijapokuwa Boit alipata dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, milango ya Olimpiki ilifungwa mara mbili katika miaka ambayo nguvu zake zilikuwa kamili.

Ila lipo jambo ambalo hakuna serikali iliyoweza kumsusia, nalo ni ilimu. Mbio zilimfikisha Marekani, akasoma Eastern New Mexico, kisha Stanford, hata akahitimu shahada ya uzamivu katika elimu katika Chuo Kikuu cha Oregon. Aliporejea akashika wadhifa wa Kamishna wa Michezo, na katika Chuo Kikuu cha Kenyatta akawa profesa wa sayansi ya michezo, akiwafundisha vijana kwa dalili na hoja yale aliyoyajua kwa miguu.

Basi mzazi wa Kinango au Ukunda asimnyang'anye mwanawe viatu vya mbio kwa kuhofia masomo, wala mkufunzi asimwondoe darasani kwa tamaa ya nishani. Nishani hupatwa na wachache, tena hutegemea bahati na siasa za wakubwa. Bali shule zetu za Kwale zahitaji walimu wa michezo kila mwaka, na aliyekimbia kisha akasoma ndiye astahikiye zaidi kazi hiyo.