Kwa boti katika Mto Potomac: njia ya marais na ya jahazi la Pearl

Wageni wengi wanaofika Washington huzunguka kwa miguu mpaka visigino vikauma. Sisi tunawashauri wapande boti. Katika majira ya joto boti za abiria huondoka Georgetown na kuteremka Mto Potomac hadi Alexandria, jimboni Virginia, na ukiwa umekaa kitako utayaona yale uliyozoea kuyaona kwenye televisheni.

Upande wa kushoto unapita Kituo cha Kennedy, jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka 1971, kisha Jengo la Kumbukumbu ya Lincoln la mwaka 1922. Kwenye ngazi zake, upande usiotazama mto, Martin Luther King alihutubia watu wapatao 250,000 tarehe 28 Agosti 1963. Nyuma yake unachomoza mnara wa Washington, wenye urefu wa mita 169. Utazame vizuri: chini mawe yana rangi moja, juu nyingine. Fedha ziliisha, ujenzi ukasimama kwa zaidi ya miaka 20. Kumbe hata huku miradi hukwama!

Wenye kamera humaliza kazi yao hapo. Lakini kwetu sisi wa Pwani, tunaojua maana ya kungojea upepo, habari kubwa ya mto huu ni ya jahazi.

Usiku wa tarehe 15 Aprili 1848, watumwa 77, wanaume, wanawake na watoto, walijipakia kimya kimya ndani ya jahazi liitwalo Pearl, yaani Lulu, kwenye gati la kusini magharibi mwa Washington. Walikusudia kuteremka mto, waingie Ghuba ya Chesapeake na kupanda kaskazini kwenye uhuru. Mwanzoni upepo ulikosekana. Walipokaribia mdomo wa mto ukavuma kwa nguvu kutoka kaskazini, wakalazimika kutia nanga. Meli ya mvuke iliyobeba watu wenye silaha ikawakuta hapo.

Wengi wao waliuzwa majimbo ya kusini. Nahodha Daniel Drayton alikaa gerezani hadi mwaka 1852, aliposamehewa na Rais Fillmore. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo Mary na Emily Edmonson, mabinti wa miaka 15 na 13 tu. Baba yao alihangaika mpaka New York kutafuta fedha za kuwakomboa, na mwaka huo huo wakawa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa Washington tarehe 16 Aprili 1862.

Katika boti tuliyopanda sisi, kipaza sauti kiliwataja marais wengi. Pearl haikutajwa hata mara moja.

Kwa hiyo mkishuka Alexandria, msiishie kwenye mikahawa ya gatini. Tembeeni kama maili moja hadi nyumba namba 1315, Mtaa wa Duke. Hapo kampuni ya Franklin na Armfield ilinunua na kusafirisha watu kuanzia mwaka 1828 hadi 1836. Leo ni makumbusho, yaliyofunguliwa upya mwaka 2022. Aliyewahi kuingia Mkunazini, Unguja, ambako kanisa lilijengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, hatahitaji kuelezwa mengi. Mbele kidogo kwenye mtaa huo huo ipo sanamu ya mabinti wa Edmonson, wamesimama pamoja. Makumbusho hayafunguliwi kila siku, hivyo ulizieni kabla ya kukata tiketi ya boti.