Je, Wajua? Wakili Aliyeianika Jamii ya Matajiri

Je, wajua kwamba John Galsworthy, Mwingereza aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1932, alisomea uwakili? Kazi hiyo haikumkaa moyoni, akaingia katika uandishi.

Riwaya iliyomjengea jina ni *The Man of Property* ya mwaka 1906. Humo tunakutana na ukoo wa Forsyte wa London, watu wa hisa, majumba na mirathi. Soames Forsyte, wakili, anamhesabu hata mkewe Irene kuwa mali yake. Anaamua kujenga nyumba Robin Hill, nje ya mji, ili amtenge na marafiki zake. Irene anampenda Bosinney, msanifu wa nyumba hiyo hiyo, na Soames anamshtaki kijana kwa kuzidisha gharama za ujenzi: anadai pauni 350. Ndoa inazama, yeye yuko mahakamani na risiti. Kwangu mimi, hapo ndipo kalamu ya Galsworthy inapochoma zaidi.

Machungu hayo aliyajua kwa karibu. Ada, aliyemuoa mwaka 1905, awali alikuwa mke wa binamu yake, katika ndoa isiyo na furaha. Galsworthy na Ada walificha mapenzi yao kwa miaka mingi, wasimvunjie heshima baba yake mwandishi, aliyefariki mwaka 1904.

Fedha za Nobel mwandishi huyu aliikabidhi PEN, jumuiya ya waandishi aliyokuwa rais wake wa kwanza. Alifariki Januari 1933.