Saa Kongwe ya Mkono: Usafi Kabla ya Marekebisho

Aghalabu mtu anayerithi saa ya mkono ya babake huipeleka kwa fundi akiwa na ombi moja tu: irekebishwe isichelewe. Ombi hilo, japo ni la haki, laweza kuiua saa. Makala haya yanafafanua sababu, kwa mfano wa Seiko 5 yenye mtambo wa 7009, wa Kijapani, ulioanza kutengenezwa miaka ya 1970.

Saa hii haina betri wala haitiwi ufunguo. Mvaaji anapotikisa mkono, kipande kizito cha chuma kilicho nyuma ya mtambo huzunguka na kuikaza kamani. Nguvu ya kamani hupitia magurudumu ya meno hadi kwenye gurudumu la mizani, ambalo huenda na kurudi likiongozwa na kamani nyingine nyembamba kama unywele. Mtambo hupiga mara 6 kwa sekunde, yaani mara 518,400 kwa siku. Kwa kuwa siku ina sekunde 86,400, saa inayochelewa sekunde 86 imekosea kwa sehemu moja tu katika elfu.

Baada ya miaka mingi, mafuta hukauka au hugeuka gundi, na vumbi likachanganyika nayo. Mizani hupungukiwa na nguvu, na ncha za mihimili huanza kusagika. Karibu na mizani mna kijiti cha kuharakisha au kupunguza mwendo. Fundi mwenye pupa hukisukuma, saa ikaonekana imepona. Huko ni kumpoza mgonjwa homa ilhali maradhi yanaendelea kumla.

Fundi mwangalifu huanza kwa uchunguzi. Saa inayokimbia ghafla kwa dakika kadhaa huenda imeshikwa na sumaku, na kuiondoa ni kazi ya muda mfupi. Isipokuwa hivyo, kamani hulegezwa, mtambo ukafunguliwa wote, kila kipande kikaoshwa na kukaguliwa. Kisha hutiwa mafuta: mazito kwa kamani kuu, mepesi kwa ncha zinazokwenda kasi, tena kwa tone dogo mno. Kamani nyembamba haiguswi na mafuta kamwe, kwani mizunguko yake ikigandamana saa hukimbia.

Hapo ndipo kijiti husogezwa, huku mashine ikisikiliza mapigo saa ikiwa imelazwa chali, kifudifudi na kusimamishwa wima. Saa kongwe ya daraja hili ikikosea sekunde 10 hadi 20 kwa siku, mwenyewe hana la kulalamikia.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafuta ni ya kununuliwa. Mhimili uliosagika aghalabu hupatikana kwa kuvunja saa nyingine. Kwa hivyo, anayeipenda saa ya babake na aombe kwanza isafishwe, ndipo aulize kuhusu majira.