Mbele ya kupiga dawa, piga foto

Mvua ikianza, taa yoyote inayowaka usiku mu kijiji inapata wageni. Wadogo ni wengi, lakini mara moja moja anakuja mmoja mwenye mabawa ya kujaza kiganja. Vitabu vinamwita nondo. Wengi wetu tunasema tu kipepeo ya usiku. Watoto wanakimbia, mzee anasema iko bulozi, na kijana wa koperative anawaza tayari bomba ya dawa: «Kama mama iko munene hivi, watoto wake watamaliza shamba!»

Hofu hiyo inaeleweka. Tangu mwaka 2016 kiwavijeshi kutoka Amerika kinatula mahindi, na kila mkulima anajua kwamba kiwavi kinatoka kwa kipepeo. Lakini kipepeo wa kiwavijeshi ni mdogo, wa rangi ya majivu, na akifungua mabawa anafika sentimeta 4 tu. Yule munene wa ukutani si yeye. Anaweza kuwa mwizi wa asali, ama mama wa viwavi ambavyo jamaa yako itakula. Dawa ni franga, na franga ya koperative si ya kumwaga bule. Kwanza tujue ni nani.

Simu ya kawaida yenye kamera inatosha. Amka mapema, wakati baridi ingali inamshika, maana jua likipanda ataruka. Usimshike mabawa: lile vumbi linalobaki ku vidole ndilo rangi yake, na likitoka, hata mtaalamu hatatambua kitu. Panguza kioo cha kamera na kitambaa safi. Usivute foto kwa vidole ili ikuwe kubwa, sogea wewe mwenyewe, kisha gusa skrini pale mwili uko ili isitoke na ukungu. Mwanga wa simu uzime, unafanya mabawa yang'ae. Kando yake weka sanduku la kiberiti, hivi tutajua ukubwa. Piga moja kutoka juu, moja ya upande, moja ya kichwa na vipapasio vyake. Na ile ambayo karibu kila mtu anasahau: piga foto ya mti ama mmea ulio karibu, zaidi kama kuna viwavi juu yake.

Kisha chukua jani la nyasi, umguse polepole. Kuna nondo ambao wakiguswa wanafungua mabawa ya mbele, na ghafla unaona macho mawili makubwa yanakutazama. Si macho ya kweli, ni alama za kutisha ndege. Usikimbie, piga foto hapo hapo! Mwenye macho hayo mara nyingi ni wa jamaa ambayo watalaamu wanaita Saturniidae, na hiyo ndiyo jamaa ya viwavi vingi tunavyokula. Imbrasia oyemensis, kwa mfano, viwavi vyake vinakula majani ya sapelli katika misitu ya upande wa Kisangani. Cirina forda naye ni wa jamaa hiyo. Kiwavi cha namna hii kikikauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Mama anayeuza mbinzo sokoni hahitaji kuambiwa hayo, lakini hata yeye pengine hajawahi kumwona kipepeo mwenyewe.

Kipepeo huyo hawezi kula shamba lako, kwa sababu hana hata mdomo wa kula. Anaishi siku chache tu na mafuta aliyoyaweka mwilini alipokuwa kiwavi. Anatafuta mwenzake, anataga mayai, anakufa. Dume ana vipapasio vipana kama manyoya ya ndege, navyo vinamsaidia kunusa jike kutoka mbali. Ukimponda jike mbele atage, umeponda na mbinzo za kesho. Na ukipiga dawa ku miti anayotagia, hatari ni kubwa zaidi, juu watoto watakuja kuokota viwavi vilevile wakivipeleka ku sufuria.

Sasa, yule wa bulozi. Mgongoni, nyuma ya kichwa, ana alama kama fuvu la mtu. Tumbo lake ni la manjano lenye mistari myeusi, na ukimgusa analia kama panya. Jina lake ni Acherontia atropos, na anajulikana Afrika nzima na Ulaya pia, ambako nako watu walimwogopa sana. Hana sumu, wala hatumwi na mtu. Kilio ni hewa tu anayovuta na kusukuma mdomoni. Anachotafuta usiku ni asali: anaingia mzingani na harufu inayofanana na ya nyuki, anatoboa nta na mdomo wake mfupi mgumu, anakunywa. Mfugaji wa nyuki afinye mlango wa mzinga ili nyuki apite na huyu munene ashindwe. Kiwavi chake, kirefu kama kidole na zaidi, chenye pembe nyuma, kinakula majani ya viazi ulaya (birayi) na ya tumbako. Kwa kawaida unakuta kimoja hapa, kimoja pale. Kiokote kwa mkono.

Ndugu yake, Agrius convolvuli, ana mistari ya waridi tumboni na ulimi mrefu kupita mwili wake, ambao anautumia kunywa ndani ya maua ya usiku. Kiwavi chake ndicho kinakula majani ya viazi vitamu. Viazi vitamu vinavumilia kupoteza majani kidogo. Ukilima na kukuta kitu cha kahawia chenye mkono uliojikunja kama wa jagi, ndiye huyo amelala, wape kuku.

Kutafuta jina, programu ya iNaturalist ni ya bure, na watu wengine wanasaidia kuhakikisha. Lakini simu inaweza kukutajia nondo wa Marekani, kwa hiyo andika daima mahali na tarehe. Ukimtumia agronomu kwa WhatsApp, tuma kama dokima, juu foto ya kawaida inapunguzwa na inapoteza alama ndogo. Pengine atakujibu jina la jamaa tu. Ili kuamua juu ya dawa, hilo mara nyingi linatosha.

Kama umekuta kiwavi bila kipepeo, kipige foto, kisha kiweke mu ndoo yenye udongo laini chini, ufunike na chandarua. Chenye manyoya usikishike na mikono mitupu, kinaweza kuwasha. Kila siku badilisha majani ya ule mmea uliokikuta nao. Siku moja kitaingia udongoni na kuacha kula. Usimwage ndoo. Kungoja kunaweza kuchukua wiki tatu, kunaweza pia kufika msimu mwingine wa mvua, lakini siku kipepeo atakapotoka na kunyoosha mabawa, mpige foto palepale na uiweke pamoja na ile ya kiwavi.